Nyumba Yako Mbele ya Kamera: Baina ya Rizki na Sitara



Miaka michache iliyopita, baada ya swala ya alasiri, mjukuu wa dada yangu mkubwa alinifuata msikitini akaniambia, "Babu, bibi anakwita, na amesema uje sasa hivi." Nilimkuta dada yangu ameketi uani kwake, katika nyumba yetu ya urithi iliyoko Mji wa Kale, Mombasa. Mkononi alikuwa na karatasi ya hesabu aliyoandikiwa na fundi. Boriti mbili za dari ya chumba cha juu zilikuwa zimeliwa na mchwa, na kila mvua ya masika iliponyesha, chokaa ilidondoka kitandani. Bei ya fundi ilikuwa kubwa kuliko uwezo wake yeye, mjane anayeishi kwa kushona na kwa anachopelekewa na wanawe. Mnunuzi asiyekuwa wa mji huu alikuwa amekwisha kubisha hodi mara mbili akiitaka nyumba.

Na siku hiyo hiyo walikuwa wamekuja vijana wawili wa kampuni ya filamu. Wameiona nyumba kutoka njiani, wakaipenda, na wakataka waikodi siku tatu wapige humo sehemu za tamthilia ya televisheni. Dada yangu aliniuliza swali moja tu: "Mdogo wangu, hii ni rizki au ni fitina?"

Nilikuwa na haraka ya darsa ya magharibi. Nikamwambia, "Ni rizki, chukua." Jibu lile nimelijutia, na makala haya nimeyaandika ili ndugu zangu mnaosoma msijibiwe kwa haraka kama alivyojibiwa dada yangu.

Siku tatu zilikuwa tano. Tepu zilizobandikwa ukutani kushika nyaya zilipobanduliwa ziliondoka na lipu ya chokaa. Bakuli la kale la marehemu mama yetu lilipatikana limemeguka ukingo, na hakuna aliyesema ni nani aliyeligusa. Hayo yote ni madogo. Miezi baadaye tamthilia ilipoonyeshwa, tuliiona nyumba yetu imefanywa nyumba ya mganga wa majini, na nyuma ya mganga, ukutani, ilionekana wazi Ayatul Kursiy iliyotundikwa na baba yetu. Kisha jirani yake, mwanamke mstahiki, akaja analia. Kamera iliwekwa dirishani ghorofani, na kwa nukta chache alionekana uani kwake akianika nguo, kichwa wazi. Watoto wa shule walimwambia binti yake.

Tulipotaka kulalamika, hatukuwa na karatasi hata moja ya kushika. Dada yangu hakunilaumu. Alisema tu, "Paa limetengenea, alhamdulillahi. Lakini uso wa jirani nitautengeneza kwa fundi gani?"

Kwa nini wanazitaka nyumba zetu

Si ajabu kwamba watu wa filamu wanabisha katika milango yetu. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na Ngome ya Yesu hapa Mombasa ikafuata mwaka 2011. Filamu ya Subira ya mwaka 2018, ihusuyo msichana wa Lamu anayetamani kuogelea, ndiyo iliyoteuliwa kuiwakilisha Kenya katika mashindano ya Oscar. Tamthilia za televisheni zenye kisa cha pwani nazo zimekuwa zikitazamwa nchi nzima. Mtayarishaji anayetaka kisa kama hicho hawezi kujenga kwa mbao na rangi ukuta wa matumbawe wenye unene wa dhiraa, mlango wa nakshi, wala safu za zidaka. Humkodi aliyerithi.

Lakini ni vyema tujue tunachokikodisha. Nyumba ya Kiswahili ilijengwa kwa ajili ya sitara. Mtu akiingia nyumba ya kale ya Lamu huanzia dakani, penye viti vya mawe, na hapo ndipo mgeni wa kiume asiye wa jamaa alipokomea. Njia ya kuingilia hupinda, ili mpita njia asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Ndipo hufuata kiwanda kisicho na paa, kisha misana, na mwisho kabisa ndani, chumba cha mama mwenye nyumba, chenye zidaka za lipu iliyochongwa. Waliojenga hivyo walikuwa wakiitafsiri kwa mawe aya ya 27 ya Surat An-Nur, ituamrishayo tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimu wenyewe. Kamera inataka kinyume cha mpangilio huo. Inapita daka bila kusimama na kwenda moja kwa moja ndani, kwa kuwa huko ndiko kwenye uzuri.

Hukumu yake

Kukodisha nyumba ni katika mlango wa ijara, na ijara ni halali. Fuqaha wameshurutisha kwamba manfaa yanayokodishwa yajulikane, muda ujulikane, na malipo yajulikane, ili pasiwe na gharari ya kuwagombanisha watu. Tena manfaa hayo yawe ya halali. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mtu hakodishi nyumba kwa jambo la haramu linalojulikana tangu mwanzo. Anayekodisha nyumba akijua kwamba humo kutaigizwa uchi, au kwamba dini itafanyiwa mzaha, asijifiche nyuma ya neno "mimi nilitoa nyumba tu."

Kuhusu picha zenyewe, wanavyuoni wa zama hizi wametofautiana. Aliyeshika kauli ya kuzikataza asilazimishwe na jamaa zake kwa sababu ya fedha. Aliyeshika kauli ya kuziruhusu naye asidhani ruhusa hiyo imeondoa masharti mengine: haki ya jirani, haya ya watu wa nyumbani, na heshima ya msahafu.

Jambo la kwanza, basi, ni kuuliza kisa. Omba muhtasari wa hadithi nzima na kurasa za matukio yatakayopigwa kwako. Uliza nyumba yako itakuwa nyumba ya nani katika hadithi. Mtayarishaji mwaminifu haoni tabu kujibu. Tumechoka kuona kila nyumba yenye mlango wa nakshi imefanywa makao ya jini na ubani. Katika nyumba hizi watu wamesomesha, wameoza, wamefariji wafiwa, na wamefuturisha wapita njia. Mwenye nyumba anayo nguvu ya kusema, "Hadithi hiyo hapa haipigwi," na akalisema hilo kwa adabu.

Ruhusa si ya mtu mmoja

Nyumba nyingi za miji yetu ya kale si mali ya mtu mmoja. Ikiwa ni mali ya urithi ambayo haijagawanywa, kila mrithi ana sehemu yake ndani ya kila jiwe, akiwa Mombasa, Jeddah au London. Wapigieni simu wote kabla ya kukubali, na pato ligawanywe kwa mafungu ya mirathi baada ya kutoa gharama za nyumba. Ndugu wakipenda kumwachia fungu lao dada anayeishi humo na kuitunza, hiyo ni hisani yao, na thawabu wanayo.

Ikiwa nyumba ni ya wakfu, anayeishi humo hana mamlaka ya kuikodisha. Msimamizi wa wakfu ndiye wa kuulizwa, na pato hufuata sharti la aliyeweka wakfu. Mpangaji naye asikodishe nyumba ya mwenziwe bila idhini ya mwenye nyumba.

Kisha kuna ruhusa ya wanaoishi ndani. Mume asikubali bila mke, wala mwana bila mama yake mzee ambaye chumba chake ndicho kinachotakiwa. Katika Surat An-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu ameihesabu nyumba kuwa neema ya utulivu. Usimwondolee mama utulivu huo kwa sababu wewe umeona fedha. Na ikiwa ndani kuna mjane aliye edani, jibu ni moja tu: warudi miezi minne na siku kumi itakapokwisha.

Namna ya kuitangaza bila kujianika

Mwenye kutaka kuitangaza nyumba yake na aanze kwa picha nzuri. Simu ya kawaida yatosha. Piga asubuhi au alasiri, madirisha yakiwa wazi na taa zimezimwa, simu ukiishika kwa ulalo. Simama katika kila pembe ya chumba, ili anayetazama aone chumba chote na mahali mlango ulipo. Usiipambe nyumba kwa vitu vya kuazima, kwani watu wa filamu wanaitaka ilivyo. Piga picha za mlango, ngazi, kiwanda, zidaka, na mandhari ya kutoka juu pasipoonekana ua wa mtu.

Pamoja na picha andika maelezo mafupi ya kweli: vyumba vingapi na ukubwa wake, jua linaingia upande gani na saa ngapi, umeme ni wa kiasi gani, maji yapo au hayapo, na gari lafika umbali gani. Mwenye nyumba wa Lamu aeleze kwamba mizigo itatoka gatini kwa mkokoteni au kwa punda. Eleza pia sauti za mtaa. Wapiga filamu hurekodi sauti, nasi tuna adhana mara tano kwa siku na madrasa zenye watoto wanaosoma kwa kelele. Ukiwaambia mapema watapanga saa zao, usipowaambia watakuja kukutaka ukamwombe muadhini apunguze sauti, na hilo si la kuombwa.

Yasiyopaswa kuonekana katika picha hizo ni haya: watu wa nyumbani, hasa wanawake na watoto, picha za familia zilizotundikwa, makabati ya dhahabu, hati, na makufuli ya milango. Usiandike anwani kamili. Taja mtaa tu, na anayetaka kuja aombe miadi. Fahamu pia kwamba picha ya simu huweza kubeba ndani yake alama ya mahali ilipopigwa. Zima alama hiyo katika mipangilio ya kamera kabla ya kupiga.

Picha hizo zipelekwe wapi? Watayarishaji wana watu ambao kazi yao ni kutafuta mahali pa kupigia, na kampuni za kigeni kwa kawaida hufanya kazi na mawakala wa humu nchini. Tume ya Filamu ya Kenya nayo ina kazi ya kuitangaza nchi kwa wapiga filamu. Kwa maoni yangu ni bora nyumba kadhaa za mtaa mmoja zijikusanye chini ya msemaji mmoja wanayemwamini, akawa ndiye mwenye picha na simu. Mama asiyependa kuzungumza na wanaume wasiomhusu atakuwa amesitirika, na bei haitashushwa kwa kushindanishwa jirani na jirani.

Mali bila daftari hupotea bila habari

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Surat Al-Baqara, imekuja kutufundisha kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Ajabu ni kwamba sisi tunaoisoma ndio tunaoona haya kumwambia mgeni, "Tuandikiane." Usimpe mtu ufunguo bila mkataba. Na mkataba huo, ukiletewa kwa Kiingereza, tafuta wakili au kijana unayemwamini akufasirie neno kwa neno.

Mkataba utaje siku ya kuanza na ya kumaliza, na saa za kila siku. Kwa kawaida kuna siku za kutayarisha, siku za kupiga, na siku ya kurudisha kila kitu mahali pake. Zote zina malipo, hata zile za kutayarisha zikiwa za bei ya chini. Saa zikizidi, nyongeza yake ijulikane tangu mwanzo. Hapo ndipo siku tatu za dada yangu zilipogeuka tano bila ya shilingi kuongezeka.

Mkataba utaje vyumba vinavyoruhusiwa kwa majina yake. Chumba kisichotajwa hufungwa, na ufunguo hukaa na mwenyewe. Utaje kwamba hakuna msumari, tepu wala rangi ukutani bila idhini ya maandishi, kwa maana lipu ya chokaa haistahimili. Mitambo mizito isipandishwe ghorofani. Sakafu za juu za nyumba za kale zimebebwa na boriti za mikoko, nazo hazikukusudiwa kubeba kreni ya kamera. Jenereta ikae nje, umeme wa nyaya za zamani usitwikwe taa kubwa. Mabadiliko ya sura ya nje ya nyumba katika eneo la hifadhi yasifanywe kabla ya ofisi inayohusika na uhifadhi kuulizwa.

Mkataba utaje malipo. Usiulize jirani alilipwa ngapi ukaishia hapo. Hesabu mwenyewe: familia italala wapi siku hizo na kwa gharama gani, kazi ya nani itasimama, na tabu ina thamani gani. Sehemu itangulie kabla ya mlango kufunguliwa, na iliyobaki ilipwe kabla ya mzigo wa mwisho kutoka. Mbali na kodi hiyo, chukua amana ya uharibifu, nawe uirudishe kwa uaminifu ikiwa hakuna kilichoharibika. Uliza pia kama wana bima ya ajali na madhara. Pato hili lina kodi ya serikali. Weka risiti na umuulize mhasibu.

Na mkataba utaje jirani. Kamera isielekezwe kwenye dirisha, dari wala ua wa mtu mwingine. Akionekana mtu asiyetoa idhini, picha hiyo ikatwe kabla ya kuonyeshwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaweza kuwa nguzo ya madai hayo, kwani sura ya mtu itambulikanayo ni katika taarifa zake binafsi. Wakitaka kurusha droni, kwanza waonyeshe kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga. Na kabla ya yote waonyeshe leseni ya kupiga filamu inayotakiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Asiyekuwa na leseni, msindikize mlangoni kwa salama.

Siku yenyewe

Kabla hawajaingia, piga picha kila ukuta, kila dari na kila chombo, wao wakiwepo. Ondoa misahafu, maandishi ya aya, picha za familia, dhahabu na hati, uvipeleke kwa jamaa. Wanawake na watoto wa nyumbani wahamie kwingine, na abaki mtu mzima mmoja, mwenye akili na mdomo wa heshima, tangu wa kwanza aingie mpaka wa mwisho atoke.

Waambie majirani siku mbili kabla. Wapelekeeni habari mlango kwa mlango: saa za kazi, idadi ya watu, njia itakayojaa nyaya. Mtume (s.a.w.) aliusiwa na Jibrili juu ya jirani mara nyingi kiasi cha kudhani kwamba jirani atafanywa mrithi. Mwenye haki ya karibu na mrithi hastahiki kushtukizwa na jenereta alfajiri. Pato likipatikana, na jirani naye aonje. Saa za swala kazi isimame. Siku ya Ijumaa na mwezi wa Ramadhani, usikubali kabisa ikiwa nyumba yako iko ubavuni mwa msikiti.

Kabla ya kuwaandikia makala haya nilimwendea dada yangu kumwomba idhini ya kumtaja. Nilimkuta uani, mahali pale pale. Baada ya yale yaliyotokea, tulikwenda pamoja kwa jirani yake, mimi nikiwa ndiye mzungumzaji, kwa kuwa jibu la haraka lilikuwa langu. Alitusamehe, lakini hakuanika tena nguo uani kwa muda mrefu.

Mwaka uliofuata ilikuja kampuni nyingine. Safari hii dada yangu aliwakalisha barazani kwa kahawa na kashata, akaomba kurasa za hadithi, akawarudishia na mistari miwili ameipiga kalamu. Aliandikiana nao. Kipengele cha kwanza cha mkataba, kabla ya fedha, kilikuwa kwamba dirisha la ghorofani linalotazama kwa jirani litafungwa na kutiwa pazia siku zote za kazi, na funguo ya chumba kile itakaa kwa jirani mwenyewe. Kampuni ilikubali. Boriti zilizosalia zilibadilishwa kwa pato lile, na mnunuzi aliporudi mara ya tatu aliambiwa nyumba haiuzwi.

Nilimuuliza kama sasa anaweza kunijibu swali lake mwenyewe, rizki au fitina. Akacheka. "Inategemea nani ameshika funguo, mdogo wangu."

Wabillahi tawfiq.